Hatua Sita Bila Fimbo

Jumanne

Hatua sita tu. Nilikuwa natoka kazini mtaa wa Bankstown, huku ughaibuni, siku yangu ya kwanza ya kushona barakoa, nimeibana fimbo kwapani ili nivae barakoa yangu vizuri. Wifi yangu Zainabu alikuwa kwenye gari lake. Hakuniita. Alinirekodi.

Jioni naikuta video kwenye kundi la familia: "Alhamdulillahi, amepona kabisa." Nyonga iliyovunjika mara mbili, ati imepona. Wote wamejibu mashallah. Shemeji mmoja kauliza kama serikali inajua.

Inajua. Niliwapigia mwenyewe, wakaniruhusu kufanya kazi saa nane kwa wiki bila kunikatia posho ya ulemavu. Lakini hilo halina video.

Nikampigia Zainabu.

"Nilifurahi tu, wifi yangu," akasema. "Ulivyokuwa unatembea, kama bi harusi."

Mwaka jana huyu ndiye aliyekuwa akiniogesha, na kila mgeni alisimuliwa. Nadhani alinipenda zaidi nilipokuwa siwezi kuinuka.

Kwenye kundi nimemwandikia, "Amin, wifi." Kesho nyonga iume isiume, nitachechemea.