Swichi ya Jikoni kwa Mama Mkwe

Kibomet, Kitale
2 Machi 2025

Kwako Mama mkwe,

Pokea salamu zangu na za binti yako Nabwile. Sisi hatujambo, ila yeye bado anawalilia kuku wako waliomalizwa na ugonjwa wa kideri. Mguu wako je, umepoa?

Nimesikia mashine ya kuangulia mayai niliyokutumia ilifika. Shida ni kwamba ile kompyuta ndogo ndani yake ni kipofu. Lazima niiandikie faili ya kuieleza ina vifaa gani: kipimajoto kiko waya gani, feni iko wapi, swichi inawasha balbu ikipewa umeme na kompyuta ama ikikatiwa. Yenyewe haikagui, Mama, inaamini tu. Ningekuja kuangalia, lakini iko jikoni kwako, na mkwe haingii huko. Basi niambie: kila kitu kiko vile nilifunga? Ukijibu nitakutumia faili kwa memori kadi.

Mkweo,
Kigen

Bungoma, 4 Machi

Kwa mkwe wangu Kigen,

Salamu nyingi. Mguu unasumbua kidogo lakini natembea. Mashine ni nzuri sana, bana! Kila kitu kiko vile ulifunga. Tuma hiyo kadi haraka, kwa sababu nimebaki na mayai kumi na manne tu ya kuku wa marehemu mzee wangu, na mayai yakikaa sana hayaanguliwi. Hayo yakiharibika, mbegu ya kuku wake imeisha hapa nyumbani.

Mama mkwe wako,
Phelista

Bungoma, 11 Machi

Mkwe wangu,

Salamu kwanza. Mwili ni mzima, moyo ndio hauna raha. Kadi niliiweka siku ile ile ilifika. Balbu iliwaka kidogo, ikazima, na haijawaka tena. Nilingoja nikidhani itajirekebisha. Mayai ni baridi kabisa.

Na kuna kitu nilikuficha. Swichi ilivunjika njiani, fundi Wakoli wa hapa sokoni akaweka ingine ya bluu. Sasa ningekuambiaje, ati zawadi ya mkwe imefika imevunjika? Mdomo ulikataa.

Simu yangu haipigi picha nikutumie. Njoo mwenyewe. Kesho asubuhi nitaenda kwa jirani yangu Dinah, nikae huko mpaka uondoke. Mlango wa jikoni nitauacha wazi.

Mama mkwe wako

Jikoni kwako, 12 Machi

Mama,

Hujambo huko kwa Dinah? Nimevua viatu mlangoni, na bado miguu imekuwa mizito kuingia. Sijagusa kitu kingine ila mashine.

Swichi ya Wakoli ni nzima, ila inafanya kinyume na yangu. Yangu inawasha balbu ikipewa umeme na kompyuta, hii inawasha ikikatiwa. Faili yangu ilieleza swichi ambayo haipo, kwa hivyo kompyuta ikisema washa, balbu inazima. Ningeweza kudanganya ndani ya programu, nikageuza kila washa iwe zima, na leo ingefanya kazi. Lakini mtu atakayeishika baadaye angepotea. Nimebadilisha neno moja kwenye faili, sasa inaeleza kilichopo. Balbu inawaka na kuzima vizuri.

Mayai sijui, Mama. Naomba tu. Siku nyingine niambie hata kitu changu kikifika kimevunjika. Afadhali mimi niaibike kuliko wewe upoteze kuku wa mzee.

Mwanao,
Kigen

Bungoma, 3 Aprili

Mwanangu Kigen,

Salamu kwako na kwa Nabwile! Huku ni kelele tupu. Mayai mengine yalioza, nimetupa, na nililia kidogo. Lakini vifaranga vitano vimetoka, na kimoja kina madoa kama ya yule jogoo wa mzee. Nimekiangalia mpaka uji ukaungua.

Sasa sikia. Mkwe akija anachinjiwa kuku, hiyo najua. Hawa sichinji! Mkija na Nabwile utakula kunde, na usininunie.

Wamama wa kanisa wananiuliza mkwe alifuata nini jikoni kwangu. Nawaonyesha hawa wadogo, halafu nawaambia nilimwita mimi mwenyewe.

Mama yako,
Phelista