Dada, Utarudi?

Machi 6

Mdogo wangu kipenzi,

Salamu nyingi kutoka kwa dadako. Habari za huko, habari za tumbo? Mtoto anapiga mateke au bado ni mpole? Shemeji amesharudi safari? Mimi mwili ni mzima, ila moyo, acha tu.

Wameninyima viza.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu yangu ikiita saluni nzima inatega masikio, na bado sijawaambia. Hata mimi mwenyewe sijaamini. Karatasi yao niliisoma nimesimama nje ya ubalozi, nikaisoma tena nimekaa kwenye ukingo wa barabara na lile gauni langu la kutokea. Mpita njia akaniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia hapana, kisha nikakaa nikifikiri labda ningemjibu ndiyo.

Kile chumba, mdogo wangu, kina baridi ya kutosha kugandisha mafuta ya nywele. Viti vimefungwa pamoja mstari mzima, mwenzako akitikisa mguu na wewe unatikisika. Unaitwa kwenye dirisha la kioo, unaongea kwenye kitundu, na majibu yako wanayasikia wote waliokaa nyuma. Afisa wangu alikuwa kijana wa miwani, mpole, amejifunza Kiswahili na anakisema vizuri. Alinipa hata pole ya kungoja. Nikajua mambo yamenyooka. Aliuliza habari zako, nikajibu. Aliuliza habari za mtoto, nikajibu mpaka akatabasamu. Baadaye wakaniita tena, pasipoti ikapitishwa chini ya kioo na karatasi ndani yake. Wamesema hawajaridhika kwamba nitaondoka huko muda wa ziara ukiisha.

Basi. Hakuna mtu wa kumuuliza. Dirisha likafungwa, akaitwa mwingine.

Sijui nikuambie nini. Kula vizuri, usinyanyue vitu vizito.

Dadako

Machi 15

Shikamoo Dada,

Hujambo wewe? Umelala? Umekula? Nakujua ukiwa na jambo unashindia chai.

Mimi niko kitandani. Daktari amenikataza kusimama kwa muda mrefu, na kazini wamenipa likizo kabla ya wakati, kwa hiyo ile mashine ya kupigia pasi mashuka ya hospitali inamnyanyasa mwingine sasa. Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini, nikaichukua tena nikidhani nimesoma vibaya. Dada, wamekunyima wewe? Wewe ambaye hata njia ya sokoni hubadilishi?

Nimetukana peke yangu chumbani mpaka nikaona aibu mbele ya mtoto.

Sikiliza. Shemeji yako wiki hizo atakuwa barabarani. Ameomba ruhusa, bosi wake amemwambia aendeshe lori au akabidhi funguo. Wa kwanza nilimpoteza nikiwa peke yangu, sakafuni, kwenye chumba cha kufulia, na mashine zinanguruma hakuna anayenisikia. Siwezi tena, Dada. Nimekuwa nikikutegemea wewe tu. Nilikuwa nalala nikijiambia, Dada atakuwa hapo mlangoni.

Hebu niambie ulisema nini. Neno kwa neno. Tulifanya mazoezi kwenye simu mpaka ukanikoromea. Nilikuwa afisa, nikakuuliza utarudi, ukatakiwa kusema ndiyo, nitarudi, nina saluni yangu na wateja wangu. Ulisema hivyo?

Kitindamimba wako

Machi 27

Kitindamimba wangu,

Hujambo mama? Mgongo unauma? Weka mto katikati ya magoti, utanishukuru. Sisi huku wazima, saluni imejaa kama kawaida, leo kuna mama mmoja ameondoka na nusu kichwa kakimbilia mwanawe shuleni, tunamngoja.

Umetaka neno kwa neno. Haya.

Kijana aliniuliza, "Mama, ziara yako ikiisha, utarudi?"

Nikamjibu, "Mungu akipenda."

Akaandika. Kisha akainua kichwa. "Naomba unijibu vizuri. Utarudi?"

"Mungu akinijalia uzima, mwanangu."

Akavua miwani, akaifuta. "Mama, ndiyo au hapana?"

"Ya mbele yetu anayajua Yeye. Mimi ni nani?"

Ndiyo hivyo. Nyuma yangu kuna mzee mmoja aliitikia "Amina" kabisa.

Nilipowasimulia saluni, hukusikia huko kicheko? Vidole, yule mwenzangu wa kiti cha pili, aliangusha chanuo. Akasema mwenzenu ameulizwa swali na serikali ya watu, yeye ametoa mahubiri. Mteja chini ya draya akauliza kuna nini, tukamsimulia kwa kelele, naye akacheka mpaka rola zikachomoka. Tangu siku hiyo mtu akiulizwa lolote hapa, kama maji yamechemka, kama chenji ipo, jibu ni Mungu akipenda. Nimekuwa kichekesho cha mtaa.

Na mimi nacheka nao. Nitafanyaje?

Usinikasirikie.

Dadako

Aprili 4

Dada, Dada, Dada,

Shikamoo. Nimecheka mpaka nikaogopa uchungu utaanza. Kisha nimelia. Kisha nimecheka tena, shemeji yako akapiga simu akiwa njiani akadhani nimepagawa.

Yaani mtu anakosa viza kwa adabu! Kwetu nani anasema "nitarudi" hivi hivi, kavu, kama mwenye hati ya kesho? Mama angekuzaba kibao. Yule kijana amefundishwa maneno, hakufundishwa watu. Ulimwambia ndiyo mara tatu, tena kwa heshima zote, naye kaandika hapana.

Lakini sasa nimepata nguvu, kwa sababu hili linaelezeka. Kwenye chama chetu cha wafanyakazi kuna mama mmoja mwanasheria. Nimemsimulia, akapiga meza. Anasema tukate rufaa, na ameshaanza kuiandika. Nitaeleza kwamba hayo ni maongezi yetu ya kila siku na maana yake ni ndiyo. Tena nitaweka sahihi kama mdhamini wako. Usipoondoka siku yako, kibali cha kuishi hapa kinafutwa, changu na cha mtoto. Mwanasheria aliniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia, huyu ni dada yangu, ningemwekea hata shingo.

Wanataka kuona una kitu cha kukurudisha. Piga picha saluni: bango la nje, viti, draya, wewe ukiwa unamsuka mtu. Piga na nyumba, chumba chako, sebule. Nitumie haraka, siku za kukata rufaa hazingoji.

Mwambie Vidole nitamletea chanuo jipya.

Kitindamimba

Aprili 22

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana ungekuwa unaumwa ningeshapata habari.

Nimekuandikia kuhusu picha, kimya. Nimepiga, ukasema mtandao unasumbua, ukakata. Mwanasheria ananisukuma kila siku. Kwa hiyo nikamwomba kinyozi wa jirani yako, yule mwenye redio kubwa, anisaidie. Nilijua umebanwa na wateja, nikataka nikupunguzie kazi.

Akanitumia picha. Bango jipya. Limeandikwa "Kwa Vidole", na maua pembeni.

Nikadhani amekosea mlango. Nikampigia. Akasema, hapana dada, hii ndiyo saluni ya dadako, ila si yake tena, alimkabidhi mwenzake mwezi wa kwanza, tulikunywa na soda. Nikamwambia aende nyumbani basi, apige na nyumba. Akasema nyumbani wanakaa watu wengine. Fundi umeme na mkewe. Wewe unalala kwa Vidole, kwenye godoro la wageni, na masanduku yako mawili yamefungwa yapo mlangoni.

Nilikuwa nimeshika glasi ya maji. Sijui niliiweka wapi.

Mwezi wa kwanza, Dada. Kabla ya mahojiano. Kabla ya mazoezi yetu kwenye simu, mimi nikijifanya afisa na wewe ukinicheka. Nilikuwa nakufundisha kusema nina saluni yangu, na saluni huna.

Ulikuwa unahama? Niambie hapana. Niambie kinyozi ni mwongo, na nitakuamini wewe.

Rufaa iko mezani hapa, imekamilika, imebaki sahihi yangu.

Mdogo wako

Aprili 29

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, naijua. Mimi ndiye niliyekuweka hivyo.

Kinyozi hakusema uongo.

Tangu Mama atutoke, nyumba ile ilikuwa inanishinda. Nilimhudumia muda mrefu hata mikono ilikuwa inaamka kabla yangu. Alipoondoka, bado nilikuwa naamka, nachemsha maji ya kumwogesha, nakaa nayo mpaka yapoe. Mume unajua alivyoniacha. Mtoto nimelea mmoja tu katika maisha yangu, naye ni wewe. Uliponiambia una mimba, nilifunga saluni mchana nikaenda kulia kwa furaha chooni, kwa kuwa sikutaka wanione.

Na siku hiyo hiyo niliamua. Sikukuambia. Nilijua ungekataa, una sheria zako huko, una woga wako. Nikasema nikishafika, mtoto akishanizoea, nani atanitoa? Nimpakate, nimsuke, nimpeleke shule. Nikaanza kugawa vitu. Sufuria zangu zote zimeenda. Niligawa nikiimba, mdogo wangu.

Mnacheka kwamba sikuelewana na yule kijana. Tulielewana sana. Jibu ulilonifundisha nilikuwa nalo mdomoni, nilikuwa nalo kabisa. Alipouliza, likakataa kutoka. Nikamwangalia, nikaona ni mtoto wa mtu, ananiuliza kwa upole jambo ambalo najua jibu lake. Nikamtaja Mungu ili nisidanganye. Akanisoma. Watu wote hawa wananijua miaka na miaka hawakunisoma, akanisoma mtu wa kwenye kioo.

Nimeogopa vile nilivyojiona. Sikujua kama ninaweza kukuficha kitu kikubwa hivi na kukucheka kwenye simu.

Sasa unajua. Natamani kuwa hapo mlangoni kuliko ninavyotamani kitu chochote. Ukiipeleka, nitakuja. Na nikija, sitaondoka. Sitakuahidi vingine, hata wewe.

Dadako

Mei 24

Dada,

Shikamoo. Mtoto amezaliwa. Wa kike, mzima, analia kama anadai haki yake. Alikuja kabla ya siku zake, wakanipasua. Shemeji yako alifika kesho yake na nguo za safari, akamshika na mikono inanuka dizeli, muuguzi akamfukuza akaoge.

Kwenye chumba cha upasuaji nilikuwa peke yangu. Waliniuliza kuna mtu wa kumpigia, nikataja namba yako, wakasema hiyo ni ya nje, yupo wa hapa? Nikasema hayupo. Nilitetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Nimepona, usihofu. Nakueleza kwa sababu siwezi kumweleza mtu mwingine.

Rufaa sikuipeleka.

Niliisoma barua yako na kalamu mkononi. Nilikaa nayo mpaka siku ya mwisho ikapita. Nilikuwa na hasira na wewe, ndiyo, sana. Lakini si hasira iliyonizuia. Ungefika, ungempakata, siku ya kuondoka ingekuja, ungeniangalia. Mimi nisingekufukuza, Dada. Ningeficha masanduku yako mwenyewe. Na wangetutoa wote watatu, wewe, mimi na mtoto, na yeye hajajua hata kukaa. Nilitakiwa kuchagua, nikamchagua yeye. Sikufikiri kama kuna siku nitachagua mtu na huyo mtu asiwe wewe.

Sijui kama utanijibu. Ukinyamaza nitaelewa, lakini usinyamaze.

Nimekuwekea picha yake. Kichwa kimejaa nywele mpaka kwenye paji.

Mdogo wako

Juni 18

Mama mtoto,

Hongera, hongera, hongera. Kidonda kinaendeleaje? Usiinue ndoo. Usicheke kwa nguvu. Mnyonyeshe hata akisinzia, mkune unyayo ataamka. Na shemeji mwambie akiwa anarudi safari aoge kabla hajamgusa mwanangu, muuguzi alisema kweli.

Nimechelewa kukujibu. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka hili jambo. Nilikukasirikia, halafu nikaitazama picha, halafu sikuweza tena. Umefanya ambavyo ningekufundisha kufanya kama ningekuwa mlezi mwenye akili. Nywele zile usiziguse mpaka utosi ukaze. Ukianza, anzia nyuma, na mkono uwe mwepesi.

Masanduku nimeyafungua. Nimepata chumba cha kupanga, kidogo, dirisha linatazama ukuta, lakini choo ni cha peke yangu. Kwa Vidole nimeomba kazi. Alilia, akataka kunirudishia yote, bango, funguo, kila kitu. Nikakataa. Ameshachukua watoto wake wawili akawaweka shule nzuri kwa pato la saluni hii, na nilimpa mbele ya watu, nimnyang'anye kwa uso gani? Kwa hiyo yeye ndiye bosi. Amekaa mbele, kwenye kiti kinachotazama mtaa. Mimi niko ndani, karibu na beseni la kuoshea.

Jana aliingia mteja ambaye simjui, mwanamke kijana, ana haraka. Nikamwosha, nikamkausha, nikaanza kumgawa nywele. Akawa ananitazama kwenye kioo. Akaniuliza, "Dada, mbona sijawahi kukuona? Wewe mgeni hapa?"

Nikamwambia ndiyo, nimefika juzi.

Akaniambia karibu sana, nitapazoea.

Dadako