Kipupwe Kapi Hagusi Chambo

2 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri na miguu imepungua kuvimba. Sisi hatujambo, kazi tu zinatuchosha. Tumehamia karibu na bwawa, na ndani mna kapi, wale samaki wanene wenye sharubu fupi uliokuwa ukinipeleka kuwavua kila Jumapili. Nimenunua ufito wa kuvulia, lakini darasa lote nimelisahau. Chambo gani, msimu gani? Niandikie, kama mkono bado unakubali kalamu.

Mwanao

14 Mei

Binti yangu,

Marahaba, mama. Miguu ni magogo yaleyale. Muuguzi anayenitembelea anasema moyo wangu unafanya kazi kama karani aliyebakiza wiki moja kustaafu. Nikamjibu, afadhali huyo anangoja kiinua mgongo.

Mvua zikichafua maji, tumia nyungunyungu, maana kapi haoni, ananusa. Joto likipanda, chemsha mahindi, yaache kwenye maji yake siku mbili yachachuke, na umwage konzi mbili kabla ya kutupa ndoana, ili azoee kula bila wasiwasi. Jua likiwa kali, ganda la mkate lielee juu. Majani yakianza kudondoka anajinenepesha, basi mpe donge la unga na asali. Kipupwe, weka ufito ndani. Kapi hagusi chambo.

Nimechoka, nakomea hapa.

Baba yako

20 Juni

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje? Dawa unakunywa, au unamdanganya muuguzi?

Jumapili nilitembea kando ya bwawa, baridi imeshika. Fundi viatu mmoja anavua hapa mwaka mzima. Nilimwambia kapi hali chochote wakati huu, akacheka mpaka akakohoa. "Nani aliyekudanganya, dada?" Akanipa ndoana ndogo na buu moja tu. Alinieleza kuwa kipupwe tumbo la kapi linakwenda polepole, ukimmwagia konzi nzima anashiba na kuondoka. Mpe buu moja, kisha ukae. Nilikaa saa mbili. Nikamtoa wa kilo tatu.

Nilimwambia kuwa baba yangu alikuwa akipima kina na joto la maji ya bwawa la kwetu kwa miaka thelathini. Akaacha kucheka. "Basi huyo anajua," akasema.

Baba, nilipokuwa mdogo, kila kipupwe ulikuwa unanionyesha kipimajoto. Ulisema maji yamelala, nami nilale. Kisha ulikwenda peke yako, eti zamu. Kwa nini?

Mwanao

11 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeianza mara sita. Afya usiulize, muuguzi sasa anakuja kila siku, na hatanii tena.

Nilijua kuwa kapi anakula. Mama yako ndiye aliyekuwa pale. Kiwanda alimokuwa anashona sare kilifunga wiki tatu kila kipupwe, naye alitumia likizo yake yote kukaa kwenye ukuta wa bwawa, kwa kuwa nyumbani nilimkataza. Mimi ndiye niliyekuambia aliondoka bila kugeuka nyuma. Aliniacha mimi, hakukuacha wewe. Alikuja ukiwa na miaka minane, tisa, na kumi. Kila Jumapili nilimkuta, na kila Jumapili nilimwambia neno moja: "Mtoto hataki kukuona." Mwaka wa tatu hakubisha. Aliniomba nimwambie umekua kiasi gani. Nilimwonyesha kwa mkono, hapa, chini ya kifua, naye akauangalia mkono wangu kwa muda mrefu. Hakurudi tena.

Niliogopa kwamba ukimwona utamchagua yeye. Sina sababu nyingine, na nimeitafuta sana.

Yuko hai. Ana chumba cha ushonaji nyuma ya stesheni, vituo viwili kutoka kwako. Ulipohamia huko nilijua kuwa yuko karibu nawe. Nikanyamaza hata hapo.

Siombi kitu. Nimechoka kuwa mtu pekee anayejua.

Baba yako

22 Septemba

Baba,

Nilikaa na barua yako mwezi mzima. Jumamosi nikapanda treni.

Mama alidhani mimi ni mteja. Alinigeuza, akanipima mabega kwa futi, akaandika namba. Alipofika shingoni, penye alama yangu ya kuzaliwa, mkono ukasimama. Nilikuwa sijamwambia mimi ni nani. Akauliza, bila kunitazama usoni, "Umekuja kwa hiari yako?" Nikamwambia ndiyo. Akafunga mlango wa duka, na wateja wakagonga weee mpaka wakachoka.

Nimemsomea barua yako. Hakulia, wala hakukutukana. Aliniomba nirudie pale pa mkono. Salamu hakuniagiza.

Shikamoo sikuiandika makusudi. Nina hasira, Baba, na hasira hii siwezi kwenda kuisimulia kaburini. Mwambie muuguzi akutunze mpaka Ijumaa. Nakuja, na wewe utakuwepo.

Mwanao