Mama Cherehani Hakuulizwa

12 Januari

Mdogo wangu,

Sisi huku wazima, ila miguu ya mama inavimba kwa kukanyaga cherehani. Wewe najua u mzima, maana nimeona picha yako ukichekeana na wakubwa wa kampuni.

Nimesikia kwa wasomaji, si kwako, kwamba katuni yetu umeihamishia kwenye programu yao ya simu. Hadithi niliandika mimi, wewe ukachora. Na huyo Mama Cherehani wa kwenye katuni ni mama yetu, mtaa mzima unajua. Ulisaini kwa niaba ya nani?

Dada yako

3 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini presha ya mama imeshuka kidogo.

Nimesaini kama mchoraji. Kwenye tovuti yetu tulisomwa na watu walewale, nawe ukijibu maoni yao kama shangazi yao. Huku tunasomwa na mji mzima. Wakubwa wa kampuni wanasema maneno yako mengi mno. Mtu akishika simu anatelezesha kidole tu. Wameweka mwandishi wao. Usione vibaya. Msalimie mama.

Mdogo wako

20 Mei

Wewe,

Afya yako sikuulizi.

Jana mteja alikuja kuchukua sketi, akamwonyesha mama simu. "Fundi, kumbe ndiyo mambo yako?" Mama akajiona: kovu lake la kidevuni, kilemba chake, vifungo wazi, amekumbatiwa na mume wa jirani. Akaikunja ile sketi vizuri, akampa mwenyewe, akafunga duka mchana kweupe. Ameniuliza jambo moja tu: "Hilo kovu mwanangu kalichora kwa mkono wake?"

Mjibu wewe.

Dada

2 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimelichora, ndiyo. Naletewa maelezo, nachora. Nikikataa, watamweka mwingine. Mama atazoea.

Ila acha kuwachochea wasomaji waje kunitukana. Na hicho kikatuni ulichoanzisha kule kwenye tovuti ya zamani nimekiona. Watu uliowachora wana mikono kama miiko. Unajiaibisha.

Mdogo wako

9 Oktoba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Miguu je? Mimi si mzima sana.

Wameniondoa. Michoro yangu yote wameilisha kompyuta, sasa inamchora mama yenyewe, kovu na kila kitu, kwa mkono wangu mimi. Nilipokwenda kulalamika, bosi hata kiti hakunipa. "Si ulitupa mwenyewe?" akasema.

Nasikia wasomaji wako wanaongezeka. Nirudi, dada. Wewe uandike, mimi nichore, kama mwanzo. Utaniacha nje mpaka lini?

Mdogo wako

1 Desemba

Mdogo wangu,

Mama hajambo, amefungua duka tena.

Barua yako nimemsomea. Alisikiliza huku akitunga uzi kwenye sindano, ukamshinda, akaniachia mimi. Kisha akasema, "Mwambie aje. Chumba chake kipo." Basi njoo. Mlango ni wake, siufungi mimi.

Katuni ni jambo lingine. Kila ukurasa mama anauona kabla ya wasomaji. Juzi aliukataa mmoja, "Huyu si mimi, huyu analia ovyo," nami nikaufuta. Wasomaji wakangoja. Wewe ulimchora miaka yote hiyo, na siku ya kumuuza hukufungua kinywa kumuuliza.

Mchoraji ninaye, ni mimi. Ukija, kaa na mama, mle, mcheke. Mezani kwangu usikaribie.

Binti wa mama yako