Kidole Kilichobonyeza "Nimeona"

Minneapolis,
Jumanne jioni

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Goti linaendeleaje na theluji hii? Na yule fundi wa simu hapo Moorhead, amekuondolea ile michezo ya kamari uliyoikubalia bila kujua? Mimi ni mzima, nakula, nalala. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu utaniuliza "nini?" mara kumi, halafu utalia kabla sijafika mwisho.

Mama, kazini kumenuka. Unajua mimi bado ni rubani wa akiba: nakaa nikisubiri, mwenzangu akiugua naitwa mimi. Siku zangu za mapumziko ni zangu. Mkataba wetu unasema siku hizo sina wajibu wa kuangalia ratiba. Wakinitaka, wangoje zamu yangu ianze. Ila kuna mtego mmoja. Ukibonyeza "Nimeona" kwenye kile kishikwambi cha kampuni, basi safari umeikubali, huna cha kujitetea. Ndiyo maana sisi wa akiba tukiwa mapumzikoni tunakiogopa kama sufuria ya moto.

Jumapili ile ulipokuwa kwangu, ofisi iliniwekea safari ya Jumatatu alfajiri. Hawakupiga simu. Zamu yangu ilipoanza nikafungua ratiba, nikakuta abiria wameshaanza kupanda. Nilikimbia kamba za viatu zikiburuzika. Ndege ikaondoka imechelewa sana, na bibi mmoja aliyekuwa anawahi mazishi ya kaka yake hakuyawahi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Meneja wetu, Bwana Sorley, aliniita akaniambia, kwa ule upole wake unaokera, kwamba kumbukumbu zinaonyesha nilibonyeza "Nimeona" Jumapili mchana, kwa hiyo nisimpotezee muda. Nikamwambia sikubonyeza. Akauliza, sasa nani, paka? Kisha akanisogezea karatasi: nisaini kwamba niliona nikasahau, nipewe onyo, maisha yaendelee. Nikikataa, nitasikilizwa Alhamisi ya wiki ijayo, na nikishindwa kazi sina.

Kapteni Pruitt wa chama chetu cha marubani alikuwa ananisubiri mlangoni. Akaniambia, wewe dada, ukisaini hiyo, kuanzia kesho tutalala na vishikwambi kifuani. Nilicheka, kisha nikaitazama tena ile karatasi. Miaka yote ile ya kufundisha watu kurusha vindege vya viti viwili ili nifike hapa! Sikusaini.

Nilipofika nyumbani nikakitazama kile kishikwambi vizuri. Utakumbuka nilikiacha wazi mezani, tukisoma humo vipimo vya lefse, ile mikate yako myembamba ya viazi, nikatoka kuondoa theluji kwenye gari. Pembeni mwa kioo, pale pale kinapotokea kile kitufe, palikuwa bado na alama ya kidole gumba, unga umegandia kwenye siagi. Ndipo nikakumbuka niliporudi ndani uliniambia, "Hiki kidude chako kilikuwa kinalialia, nimekinyamazisha."

Ni wewe, Mama. Usishike kichwa. Kosa la kukiacha wazi ni langu, na mtu wa nje haruhusiwi kukigusa. Pruitt anasema nikilitaja hilo nitawapa fimbo ya pili ya kunichapia, afadhali ninyamaze. Nimekataa. Alhamisi nitawaeleza yote, unga na siagi, halafu nitamwuliza Bwana Sorley: kama kidole cha mama yangu anayepika kinaweza kunifunga mimi nikarushe ndege, hicho kitufe kinathibitisha nini? Wakitaka kuniadhibu, waniadhibu kwa nililofanya. Kusema niliona wakati sikuona, hapana.

Usiniandikie kuomba radhi, nitakasirika kweli. Nisalimie shangazi Verna, na usimwambie lolote kabla ya Alhamisi, maana kanisa zima litajua. Jumapili itakayofuata njoo na kile kijiti chako cha kugeuzia lefse. Vipimo nimeshavinakili kwenye karatasi. Nikiwa bado rubani au nisiwe, siku hiyo niko mapumzikoni.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Annika