Mume Wangu, Uranium na Godoro Letu Juani

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie, maana mimi ni bibi-arusi wa mwezi wa tatu na furaha yangu imeingiwa na woga. Mume wangu Abner, mwalimu wa fizikia hapa Kamina, ndiye mwanamume mtamu kuliko wote, tukila bukari, ugali wetu, ananisimulia habari za anga, kwamba kule ng'ambo ya sayari kubwa jua ni hafifu, paneli za umeme wa jua zinashindwa kama zetu wakati wa mvua, ndiyo maana wataalamu wanataka chombo kibebe kinu kidogo cha kupasua kiini cha atomu ya uranium, joto lake litoe umeme miaka mingi, nami nasikiliza huku samaki anapoa, sauti yake tu inanishibisha. Sasa amekubaliwa kwenda Lubumbashi kusomea mambo hayo, twende wote, nami niliruka kwa furaha, lakini shangazi Laetitia, aliyenilea na kunikabidhi siku ya ndoa, alikuja asubuhi akatoa vitabu vya Abner na godoro letu, akavianika uani ili sumu itoke! "Talitha, bwana ya uranium hawezi kuzala! Minyi nilikulea bure?" Jirani Kabamba akapita akitucheka sisi maharusi, "Ba jeunes mariés, nani amekojoa?" Nikajificha jikoni. Abner hakukasirika, alirudisha godoro, akaniambia, "Chérie, kama shangazi anaogopa, naacha masomo. Minyi nakutaka weye kupita nyota." Nikamkumbatia, nikanyamaza. Tangu hapo tukila hasimulii tena chochote. Je, nikubali zawadi hii ya kuacha masomo kwa ajili yangu?

Talitha, Kamina

*Mama Rehema anajibu:*

Hongera kwa ndoa, Talitha mwanangu, na sasa nikugombeze. Mtu anaacha ndoto yake mbele ya macho yako, nawe unakumbatia na kunyamaza! Leo jioni, kabla hujapakua chakula, mwambie: "Ukubali masomo. Tunaenda."

Shangazi usimcheke. Uranium ilichimbwa kusini kwetu, na watu wengi hawakuelezwa hatari yake. Lakini vitabu havina sumu, na kinu cha angani chenyewe hakiwashwi kabla hakijaondoka duniani. Abner aulize chuoni wanafunzi wanakingwa na kupimwa namna gani, apate jibu kabla ya kutia sahihi, kisha aende kwa shangazi, ale chakula chake, amweleze kwa mdomo wake mwenyewe.

Wewe kaa pembeni usikilize maswali. Shangazi akianza kuuliza nani atakusuka nywele kule, nani atakuwa karibu ukipata mimba, ujue habari ya uranium imekwisha. Anachoogopa ni treni itakayokupeleka Lubumbashi, mbali naye. Hapo Abner anyamaze na fizikia yake. Wewe mshike shangazi mkono, umwambie: "Shangazi, mutoto akizaliwa, utakuja kwetu, na utamushika wa kwanza, mbele ya bantu bote."

Na ahadi hiyo uitimize, hata mama mkwe akinuna.