Migomba Yangu, Mboga Zako

Mpendwa mke wangu, Nyar Asembo, binti wa Asembo,

Umeniacha na debe moja la majivu, na hata huko uliko hujaacha kunisumbua. Ni majivu ya maganda ya maharagwe uliyopanda kwa mkono wako kabla hujalazwa. Hakutakuwa na mengine. Niyapeleke kwenye migomba yangu, au niyachuje nipate chumvi ya mboga zako?

Ugomvi huu ni wa zamani. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, nikirudi wikendi kutoka kufundisha Kisumu, nilikukuta uani mbele ya chungu kilichotobolewa chini, majivu ndani, maji yakidondoka yenye rangi ya chai. Nami nilikueleza, kwa utaratibu, kwamba mharagwe hufyonza potasi udongoni na kuiweka katika maganda na mabua. Ukiyachoma, potasi haipotei na moshi; hubaki kwenye majivu. Ukimwaga maji, inashuka nayo. Ndiyo inayolainisha kunde na kupunguza uchungu wa akeyo, yaani mgagani. Na ndiyo hiyo hiyo mgomba unayoililia.

"Umemaliza, Mwalimu?" uliuliza. "Basi sogea, unanizibia jua."

Ukinihurumia, ulinisukumia majivu yaliyokwisha kuchujwa. "Haya, pelekea migomba yako."

"Haya ni makapi! Potasi yote umeichukua wewe. Hapa imebaki chokaa tu na vitu vidogo vidogo."

"Kwani migomba itajuaje?"

"Itajua!"

"Nani ataiambia?"

Jirani yetu Mama Achieng' alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Otieno, mbona hata mwenye migomba ni mwembamba? Jimwagie wewe kwanza."

Migomba ilijua. Ilizaa ndizi kama vidole vya mtoto. Nilikuletea mkungu mzima kama ushahidi, ukamenya moja, ukasema ni tamu.

Siku hizi mke wa mwanetu Otieno hupikia magadi ya dukani. Mboga zinaiva vizuri. Sina la kulalamikia, na bado nalalamika. Jana alilishika debe, akauliza, "Baba, hii takataka nimwage?" Nilimpigia kelele, mtoto wa watu. Kisha nikamweleza habari za potasi mpaka uji ukaungua.

Nimekasirika, mke wangu. Miaka yote hiyo nilikuomba majivu ambayo hayajachujwa, ukakataa. Sasa umeniachia debe zima bila ubishi hata kidogo. Nani alikwambia uache kubishana?

Leo asubuhi nimekitoa chungu chako, nikamwaga maji polepole, nikakaa mbele yake. Hapakuwa na mtu wa kunizibia jua. Nimepika akeyo, nikala, nikamaliza.

Makapi nimeyapelekea migomba. Ikiniuliza, nitasema umenituma wewe.

Pumzika, mama. Mimi bado nabishana.

Mumeo,
Baba Otieno